Onyo la Dawa Lisemwe kwa Lugha ya Mama

Mtoto wa Gazi ana sababu chungu nzima za kujikuna. Joto la kaskazi humtoa harara shingoni, upupu wa vichakani humwasha, mbu humwacha na vinundu, na maji ya bahari yakimkaukia mwilini huikereketa ngozi yake. Mama huyajua haya yote na haoni haja ya kukimbilia hospitali. Humwogesha, humpaka mafuta ya nazi, kisha humwacha arudi kucheza. Lakini tuseme mtoto huyo ameanza kunywa dawa wiki mbili zilizopita. Je, ni nani aliyemweleza mama kwamba vipele vya leo huenda si vya joto wala upupu, bali ni vya kidonge?

Swali hili nalileta kwa sababu ya dawa wanazopewa watoto wasioweza kutulia wala kukaza fikira darasani. Madaktari huiita hali hiyo kwa herufi nne, ADHD. Sisi tumezoea kuiita utukutu, na mara nyingi tumeitibu kwa kiboko. Dawa yake mashuhuri ni methilifenideti, iliyoanza kuuzwa Ulaya kwa jina la Ritalin mwaka 1954. Si dawa ya kuikuta kwa wepesi katika zahanati ya kijiji. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikataa kuitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, wakakataa tena mwaka 2021, kwa hoja kwamba ushahidi wa faida na madhara yake haujatosha. Kwa hivyo mtoto wa Kwale anayeitumia aghalabu huandikiwa mbali na kwao, Mombasa au hata Nairobi, kisha hurejea nyumbani na pakiti yake. Daktari husalia mjini, ngozi huja Gazi.

Nisieleweke vibaya. Watoto wengi huitumia dawa hii bila ngozi yao kudhurika, na wapo waliosaidika nayo pakubwa. Hata hivyo, baadhi yao hutokwa na vipele, huwashwa au huvimba mabaka mabaka, na kwa nadra uso na midomo hufura. Marekani iliidhinisha mwaka 2006 aina ya dawa hiyo inayobandikwa nyongani mfano wa plasta. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitoa onyo kwamba plasta hiyo yaweza kuiondoa rangi ya ngozi isirudi tena, baada ya kupokea taarifa za wagonjwa 51. Msomaji wa pwani hahitaji tafsiri ya jambo hilo. Ni mabaka meupe yanayofanana na mbalanga, na kila mtu anajua jinsi mtoto mwenye mbalanga anavyotazamwa.

Kisa kizito zaidi ni cha modafinili, dawa ya watu wazima wanaosumbuliwa na usingizi wa mchana. Watengenezaji walitaka kuiuza kwa watoto wenye ADHD kwa jina la Sparlon. Katika majaribio yaliyohusu watoto 1,585, watoto 13 walilazimika kuiacha kwa sababu ya vipele, na mmoja wao alishukiwa kupatwa na ugonjwa wa Stevens-Johnson, ambao hutoa malengelenge, huchubua midomo na macho, na huweza kuua. Nusu ya vipele hivyo vilivyomkatizia mtoto dawa vilijitokeza katika siku 13 za kwanza. Machi 2006 kamati ya washauri ilipiga kura 12 kwa 1 kuipinga, na Agosti mwaka huo mamlaka ikaikataa. Ngozi ya watoto wachache ilitosha kuisimamisha dawa nzima, kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuitazama, kuitaja na kuiandika.

Hapa kwetu pia ngozi imewahi kusema mapema. Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Nairobi kuhusu thiasetazoni, dawa rahisi ya kifua kikuu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye virusi vya ukimwi alidhurika ngozi, wengine hata kufa, ilhali kwa wasio na virusi alikuwa mmoja tu katika mia. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likashauri wagonjwa hao wasipewe dawa hiyo. Nayo klorokwini, kabla ya Kenya kuiacha kama tiba kuu ya malaria mwishoni mwa miaka ya tisini kwa sababu vimelea viliizoea, iliwasha watu viganja na nyayo usiku kucha bila kipele kuonekana. Huo ni mwasho usio na alama. Ushahidi wake pekee ni neno la anayewashwa, na mtoto asiye na neno, au mwenye neno lisilosikilizwa, huonekana mdeko tu.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata haki ya kusema katika shughuli za matabibu. Mama wa Gazi huzungumza Chidigo nyumbani na Kiswahili sokoni, ilhali karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti aghalabu ni ya Kiingereza. Hata akipata wa kumsomea, ataambiwa atazame "wekundu" wa ngozi. Wekundu gani? Katika ngozi nyeusi, mwako huo mara nyingi huonekana kama weusi uliozidi au rangi ya zambarau, au hauonekani kabisa, ukatambulika kwa mkono unapogusa joto na uvimbe. Onyo hilo liliandikwa kwa kutazama ngozi ya mtu mwingine. Kulitafsiri neno kwa neno ni kumpa mama miwani isiyo yake.

La kusikitisha ni kwamba maneno tunayo tele. Harara si malengelenge, kuwashwa si kubabuka, na kipele cha kawaida si uvimbe unaohama kutoka mahali hadi mahali. Kiswahili kimezitenga hali hizi karne nyingi, lakini katika chumba cha matibabu zote humezwa na neno moja la Kiingereza, na daftari la mgonjwa halisemi ni lipi hasa lililotokea.

Wanaohusika wafanye mambo matatu. Kwanza, Bodi ya Famasia na Sumu iwatake wauzaji waandike onyo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa. Pili, onyo lipangwe kwa uzito. Vipele vichache au mwasho mdogo: mwarifu aliyekupa dawa kabla ya kumpa mtoto kidonge kinachofuata. Malengelenge, vidonda vya mdomoni, macho kuuma, ngozi kubabuka, homa pamoja na vipele, midomo kufura au pumzi kubana: usimpe dawa tena, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na pakiti uichukue. Tatu, wahudumu waijaze ile fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo ni sehemu ya mfumo uliozinduliwa na Bodi hiyo mwaka 2009, na maneno ya mama yaandikwe jinsi alivyoyatamka.

Nasi tulio vyuoni tusijivue lawama. Tumetunga istilahi nyingi ambazo hazijawahi kuvuka lango la chuo. Neno "mzio" ni zuri, lakini lisipofika zahanatini halimwokoi mtu. Anayeijua ngozi ya mtoto kuliko wote ni yule anayeiogesha kila jioni. Mpeni maneno ya kutambua hatari, kisha akija kuwaambia alichokiona, msikilizeni.