Ukiona hatari, sema: somo la motokari za hibridi

Mfanyakazi mwenzangu, na wewe mama wa nyumba unayesoma ukurasa huu,

Kila mwanzo wa zamu unaambiwa: ukiona jiwe limelegea juu ya kichwa, usipite kimya. Simama, wajulishe wenzako, mwambie shefu wako. Shimoni unaifuata sheria hiyo, na umefanya vizuri. Lakini jioni, unapopanda motokari yako pamoja na bibi na watoto, je, unaikumbuka? Taa nyekundu inawaka mbele ya macho yako, unasema: «Itazimika yenyewe.» Pedali inakwama, unasema: «Ni vumbi tu.» Unaendelea na safari.

Leo tutazungumza juu ya motokari kubwa za jamaa, zile ndefu za kwenda juu, zinazotumia petroli na umeme pamoja. Watu wanaziita hibridi. Siku hizi nyingine zinatufikia zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Ni motokari nzuri, hazinywi mafuta mengi. Lakini historia yake ina somo ambalo kila mtu wa mgodi anapaswa kulijua.

MASHINE MBILI NDANI YA MOTOKARI MOJA

Mwaka 2005 fabriki ya Toyota ilianza kuuza motokari za jamaa za namna hii. Huko Japani ziliitwa Harrier Hybrid na Kluger Hybrid. Huko Marekani ziliitwa Lexus RX 400h na Highlander Hybrid. Ndani yake mna injini ya petroli ya lita 3.3, na pamoja nayo mna mota za umeme. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma. Nguvu yake ni volti 288, na mtambo ulio mbele, karibu na injini, unaipandisha hadi volti 650. Mtambo huo unaitwa inveta: kazi yake ni kugeuza umeme wa betri ili mota ziweze kuutumia.

Volti 650! Wewe fundi wa umeme unajua maana yake. Nyumbani kwako unaogopa volti 220, na unafanya vizuri kuogopa. Basi usidharau umeme uliofichwa ndani ya motokari.

Na jambo moja la kukupa moyo: nyaya za mota zile ni za shaba, na ndani ya betri mna nikeli na kiasi kidogo cha kobalti. Mali ya namna ile tunayoitoa ardhini kwa jasho letu ndiyo inayoendesha motokari hizi.

KOSA DOGO LA KULEHEMU

Mwezi wa Juni 2011 Toyota iliwaita wenye motokari hizi wazirudishe garaji. Mwito wa namna hiyo una maana gani? Maana yake fabriki imetambua kosa, na inawaita watu wote wenye motokari za aina ile, ziwe zimeharibika au bado, watengenezewe bila malipo. Marekani peke yake motokari zilizoitwa zilikuwa karibu 82,000, za modeli 2006 na 2007.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Ndani ya inveta mna vipande vidogo vya kielektroniki vilivyolehemiwa juu ya kibao. Katika baadhi ya motokari kulehemu hakukufanywa vizuri. Motokari ikibeba mzigo mkubwa au ikipanda mlima, umeme mwingi unapita, joto linapanda, na vipande vile vinaharibika. Ndipo taa za onyo zinawaka, na mara nyingi motokari inapunguza nguvu yake ili isiharibike zaidi. Lakini mara nyingine fyuzi inakatika, na motokari inazimika papo hapo, ingali barabarani.

Fikiri mwenyewe. Uko katika barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, nyuma yako kuna lori lililojaa madini, na motokari yako inazimika bila kukupa nafasi. Kosa la kulehemu ni dogo kuliko punje ya mchele. Lori lile halikuulizi ukubwa wa kosa.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2013 Toyota iliita tena motokari za aina ile ile kwa sababu ya inveta, safari hii mpaka modeli za 2010. Unaona? Aliyekuwa na motokari nje ya orodha ya kwanza asingeweza kusema: «Mimi sihusiki.» Onyo lililomfikia jirani lilikuwa linamhusu yeye pia.

NENO LILILOISHIA MEZANI

Sasa sikiliza habari hii ya huzuni. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego huko Marekani, polisi mmoja wa barabara, siku ambayo hakuwa kazini, alikuwa akiendesha motokari ya kuazimwa. Garaji ilikuwa imempa Lexus ES 350, motokari ya chini, ya petroli, wakati yake ilipokuwa ikitengenezwa. Ndani walikuwamo mke wake, binti yake na shemeji yake. Motokari ilikimbia zaidi ya kilomita 160 kwa saa, ikakataa kusimama. Wote wanne walikufa.

Wapelelezi walipochunguza mabaki waliona nini? Mkeka wa mpira uliotandikwa chini ya miguu ya dereva haukuwa wa motokari ile. Ulikuwa umetengenezwa kwa ile kubwa ya hibridi tuliyoitaja, RX 400h. Ulikuwa mrefu mno, tena haukufungwa kwa vibanio vyake. Pedali ya mafuta ilikwama juu yake.

Lakini neno linalouma zaidi ni hili. Siku chache kabla ya ajali, mtu mwingine aliazimwa motokari ile ile. Yeye pia pedali ilimkwamia kwenye mkeka. Kwa bahati aliweza kuituliza motokari na kuiondoa pedali. Alipoirudisha alimwambia mtu wa mapokezi jambo lililompata. Neno likaishia pale mezani. Halikufika kwa fundi, na mkeka haukuondolewa.

Mtu wa kwanza alifanya wajibu wake: aliona hatari, akasema. Aliyesikia hakupeleka neno mbele. Watu wanne wakalipa.

Baada ya ajali hiyo, Toyota iliita mamilioni ya motokari kwa sababu ya mikeka na pedali. Februari 2011 hata RX 400h na Highlander Hybrid za miaka ya kwanza ziliingia katika orodha, kwa sababu ya kifuniko cha zulia karibu na pedali. Mwezi wa Machi 2014 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, kwa kuwa ilikuwa imewapotosha wanunuzi juu ya hatari hizo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo ulikuwa wa gharama kubwa.

ONYO HALIFUATI MOTOKARI

Huko Marekani, tangu sheria ya 1966, serikali ina ofisi inayoangalia usalama wa motokari. Raia yeyote anaweza kupeleka malalamiko yake. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuonekana madogo. Yakija hamsini yanayofanana, ofisi inaanza kuuliza maswali. Nchini Japani pia wizara ya usafiri inasimamia miito hii. Mwenye motokari anapelekewa barua nyumbani.

Lakini wewe uliyenunua motokari iliyotumika, ikashushwa bandarini Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, barua hiyo hutaipata. Ilitumwa kwa mwenyeji wa kwanza. Yeye huenda aliisoma, huenda aliitupa. Motokari imevuka bahari, onyo limebaki ng'ambo.

Kwa hiyo ni juu yako kulitafuta. Usiseme hujui kusoma mambo ya ufundi. Namba ya shasi inatosha.

FANYA HIVI

Kabla ya kununua. Andika namba ya shasi. Harrier Hybrid ya Japani namba yake inaanza na MHU38, na Kluger Hybrid inaanza na MHU28. Motokari iliyotoka Marekani ina namba ya herufi na tarakimu 17. Mpelekee wakala wa chapa ile, au mwombe mtoto wako anayejua simu atafute katika orodha ya miito ya nchi ilikotoka. Ya Japani itafutwe katika orodha ya Japani, kwa kuwa ya Marekani haiijui. Uliza: «Inveta ilitengenezwa?» Muuzaji akikasirika kwa swali hilo, yeye mwenyewe amekwisha kukujibu.

Chini ya miguu ya dereva. Mvua zinapoanza, wengi wetu tunatandika vipande vya mpira na makartoni. Acha desturi hiyo. Mkeka uwe mmoja tu, wa motokari ile ile, na ufungwe kwa vibanio. Usitandike mmoja juu ya mwingine. Chupa na viatu visiviringike pale.

Pedali ikikwama. Usiinamishe kichwa kuitafuta. Kanyaga freni kwa nguvu zako zote, mara moja, usipige-pige. Weka gia kwenye N. Ongoza motokari pembeni, kisha uizime. Kama inazimwa kwa kitufe, ukiwa safarini hakitii mguso mfupi: kibonye ukishikilie kwa sekunde 3 hivi.

Motokari ikipoteza nguvu. Washa taa za hatari, iache ijongee mpaka ukingoni. Watu wote watoke upande wa majani, hata kama motokari ina usukani wa kuume. Weka pembetatu nyuma, mbali. Watoto wasingoje ndani.

Nyaya za rangi ya chungwa. Hizo ndizo za umeme mkubwa. Usizikate, usizivute, usiruhusu fundi wa kando ya njia kuzifungua. Anayeruhusiwa ni yule aliyefundishwa, mwenye glavu za umeme, anayechomoa kwanza kizibo cha betri na kungoja dakika 10 kabla ya kugusa kitu. Ni sheria ile ile ya kazini: kata umeme, funga, pima, ndipo uguse.

Betri na kiti cha nyuma. Matundu ya hewa yaliyo chini ya kiti hicho yanapoza betri. Usiyazibe kwa magunia ya unga au nguo.

Motokari iliyo kimya. Mama, hili ni lako pia. Hibridi inaweza kuwa imewashwa bila injini kutoa sauti yoyote. Taa ya READY ikiwaka, motokari iko tayari kutembea. Mtu asiiache hivyo uani mahali watoto wanapocheza. Weka P, zima, chukua ufunguo.

NA WEWE UNAYEAMBIWA

Maneno ya mwisho ni ya mtu anayepokea malalamiko. Huenda wewe ni shefu wa timu, fundi wa garaji, au baba ambaye bibi amekuambia: «Leo motokari ilinitisha.» Usimcheke. Usimjibu: «Mbona mimi sijaona kitu?» Andika jambo hilo siku ile ile, litazame kwa macho yako, na kama huwezi kulitengeneza, lipeleke kwa anayeweza. Motokari yenye shaka usimpe mtu mwingine kabla haijatazamwa. Huko San Diego hakuhitajika mtu mwenye elimu kubwa. Ilitosha mkono mmoja wa kuondoa mkeka.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya kupeleka jamaa kanisani, fungua mlango wa dereva na utazame chini ya pedali. Ni kazi ya dakika moja.

Aliyeona na aseme. Aliyesikia na afanye. Hivyo ndivyo tunavyorudi nyumbani sote.