Maji ya Bure Paris: Chemchemi Iliyozaliwa na Vita

Ukifika Place Émile-Goudeau, mtaa wa Montmartre jijini Paris, utaona mnara mdogo wa chuma wa kijani, wanawake wanne wamebeba kuba kichwani. Si pambo tu, wasee. Hapo watu hunywa maji bila kutoa hata ndururu.

Ilikuwaje? Mwaka wa 1870 jeshi la Prussia liliuzingira mji. Vita vilipoisha, mitambo ya maji ilikuwa imeharibiwa na bei ikapaa. Kwa maskini, pombe ilikuwa rahisi kupata kuliko maji safi. Ndipo Richard Wallace, Mwingereza aliyerithi mali tele, akatoa chemchemi 50. Mchongaji Charles-Auguste Lebourg akazipamba. Za kwanza zikasimama 1872. Wale wanawake wanne ni wema, usahili, ukarimu na kiasi. Vikombe vilifungwa kwa mnyororo hadi 1952, vikaondolewa kwa sababu ya usafi.

Wallace angeweka mfereji wa kawaida tu na yaishe. Alitaka maskini anywe mahali panapopendeza. Sisi huku mtaani bado tunapanga foleni na mitungi, tena kwa kulipa. Maji ya bure town si ndoto, jameni. Wenzetu walianza zaidi ya miaka 150 iliyopita.