Kingamwili, Soko la Hisa na Mbwa wa Mara

Katika vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji malishoni. Lakini mbwa huyohuyo, akipatwa na kichaa, huweza kumwambukiza binadamu ugonjwa ambao, dalili zake zikishajitokeza, takriban kila mgonjwa hufa. Hapana budi basi tiba itangulie dalili.

Virusi vya kichaa cha mbwa huingia jerahani pamoja na mate, kisha husafiri katika neva kuelekea ubongoni. Aliyeumwa hupewa chanjo ili mwili wake utengeneze kingamwili, yaani protini zinazovinasa virusi na kuvizuia visiingie katika seli. Kazi hiyo huchukua siku 7 hadi 14. Ili kuziba pengo hilo, jeraha baya hudungwa kingamwili zilizokwisha kutengenezwa mahali pengine. Msingi wa tiba hii uliwekwa mwaka 1890, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipoonyesha kwamba seramu ya mnyama aliyekingwa huweza kumkinga mwingine.

Kwa miaka mingi kingamwili za kichaa cha mbwa zilitolewa katika damu ya farasi au ya watu waliochanjwa. Nazo ni adimu na ghali. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili na seli ya saratani. Seli iliyozaliwa iliendelea kugawanyika bila kikomo, huku ikitoa kingamwili za aina moja tu.

HISA NA MATUMAINI

Ugunduzi huo ulifungua njia kwa makampuni mengi ambayo huuza hisa kabla ya kuwa na dawa ya kuuza. Mnunuzi wa hisa hizo hununua matumaini: habari njema za majaribio hupandisha bei kwa siku moja, na habari mbaya huiporomosha. Anayebahatisha hujiuliza mambo mawili: dawa itafaulu? Na nani atainunua, kwa bei gani? Swali la pili ndilo linalomwacha nje mtoto wa mchungaji.

Kampuni ya Crucell ya Uholanzi, ambayo hisa zake ziliuzwa katika masoko ya Ulaya na Marekani, ilibuni mchanganyiko wa kingamwili mbili dhidi ya kichaa cha mbwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008 ilitangaza mapatano na Sanofi Pasteur ya Ufaransa kuhusu dawa hiyo. Mwaka 2011 Crucell ilinunuliwa na Johnson & Johnson, na mchanganyiko huo haukufika sokoni. Kingamwili ya kwanza ya namna hii iliidhinishwa India mwaka 2016; ilitokana na ushirikiano wa Serum Institute of India na MassBiologics, taasisi isiyotafuta faida ya Chuo Kikuu cha Massachusetts.

NGAO ILIYO KARIBU

Wilaya ya Serengeti ilionyesha njia nyingine. Kati ya mwaka 1996 na 2001 watafiti walichanja mbwa vijijini, wakafikia zaidi ya asilimia 60 ya mbwa wote. Ugonjwa kwa mbwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Majeraha ya watu yaliyotokana na mbwa walioshukiwa kuwa na kichaa yalipungua pia.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, mbwa mmoja hadi wawili tu. Saba katika kila kumi wakiwa wamekingwa, mnyororo hukatika. Lakini mbwa hufa mapema na watoto wapya huzaliwa, kwa hiyo chanjo lazima irudiwe kila mwaka. Aidha mbwa hawajui mipaka ya wilaya: Serengeti ikichanja na Tarime ikaacha, ugonjwa utarudi.

Hadi kingamwili zitakapopatikana katika kila zahanati, wanafunzi na wakumbuke hili: jeraha la mbwa lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.