Je, Mikanda ya Kiti cha Mtoto Wako Inakazika?

Hebu fikiria safari hii. Shule zimefungwa na umeamua kuwapeleka watoto Meru wakamwone nyanya yao. Kwa kuwa huipendi ile barabara ya Embu na kona zake za Nithi, umepitia Karatina na Naro Moru, ukavuka Ikweta pale Nanyuki, na sasa unapanda kuelekea Timau. Mkono wa kulia ni Mlima Kenya umejitanda mawingu. Mkono wa kushoto ni mashamba ya ngano, na mbali kule chini ni nyika za Isiolo na Samburu. Ukifungua dirisha kidogo tu, baridi inakukumbusha kwamba umeiacha Nairobi.

Timau unasimama. Unanunua viazi na karoti za kumpelekea nyanya, na yule mdogo anataka kwenda haja. Humruhusu ashuke hivi hivi. Unamvisha lile jaketi lake nene la kujaa pamba, na kofia juu. Akirudi unamkalisha kwenye kiti chake, unaipitisha mikanda juu ya jaketi, unasikia kifungo kikilia "ta!", nawe unarudi mbele moyo ukiwa umetulia.

Utulivu huo ndio uliotuponza sisi.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Tulitoka Timau jioni, ukungu umeshuka, na kilomita chache baada ya mji kondoo wakakatiza barabara. Baba yake akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Hatukugonga kitu, wala kondoo hata mmoja hakuguswa. Lakini nilipogeuka nyuma nilimkuta mtoto ameinama mbele, mabega yote mawili yako nje ya mikanda, uso umekaribia kugusa kiti cha mbele. Kilichokuwa kimefungwa ni jaketi, mtoto hakuwa amefungwa.

Na lililoniuma zaidi ni hili: nilijua kwamba mikanda ile ilikuwa imelegea hata kabla ya jaketi. Kile kiti tulikinunua kikiwa kimetumika, na ili kukaza mikanda yake ilibidi ukitoe garini, ukigeuze kifudifudi, uvute mkanda mmoja kisha wa pili nyuma ya mgongo wa kiti, ukirudishe, umkalishe mtoto, ukigundua haujatosha uanze upya. Nani atafanya hivyo kando ya barabara, mtoto analia na vidole vimekufa ganzi kwa baridi? Mimi nilikuwa nimekaza mara moja tu, siku tuliyokinunua.

Tangu siku hiyo, rafiki akiniuliza anunue kiti cha aina gani, simwanzishii habari za rangi wala mahali pa kuwekea chupa. Namwuliza: unaweza kukikaza kwa mkono mmoja?

Huenda ukadhani natia chumvi, basi tupige hesabu kidogo, hasa nyinyi wanafunzi mnaosoma fizikia. Gari likienda kilomita 50 kwa saa kisha likagonga na kusimama, mtu asiyefungwa anaendelea mbele kwa mwendo ule ule. Ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi, yaani juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Kwa kilomita 80 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida kabisa katika barabara ile, urefu huo unafika mita 25.

Kwa hiyo mama anayesema, "Mimi nitampakata, mikono yangu ina nguvu," anajidanganya. Mtoto wa kilo 10 katika nukta ile ya kugonga huvuta mikono kama mzigo wa zaidi ya kilo 100. Hata mpagazi wa soko la Wakulima hawezi kuuzuia mzigo huo ukija ghafla. Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kilichotumiwa sawasawa hupunguza vifo vya watoto garini kwa angalau asilimia 60. Maneno ya kuzingatia hapo ni "kilichotumiwa sawasawa".

Elimu hii si ya jana. Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo, mwaka 1959. Miaka michache baadaye daktari mmoja wa huko huko Sweden, Bertil Aldman, aliwatazama wanaanga jinsi walivyolazwa chali wakati roketi inapaa, ili nguvu isambae mgongoni badala ya kukusanyika shingoni. Akapata wazo la kiti ambacho mtoto hukaa akitazama nyuma ya gari. Jimbo la Tennessee, Marekani, lilikuwa la kwanza nchini humo kulazimisha viti vya watoto kisheria, mwaka 1978. Nako Japani, sheria ya viti hivyo kwa watoto wa chini ya miaka 6 ilianza Aprili 2000.

Hapo pana kichekesho kidogo. Magari mengi tunayoendesha Kenya yametumika kwanza Japani. Gari linateremshwa Mombasa na redio yake inayozungumza Kijapani, lakini kile kiti ambacho mwenye gari wa kwanza alilazimika kuwa nacho hakimo.

Sisi hapa tulifundishwa kufunga mikanda na zile kanuni za Waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Wengi wetu mpaka leo tukiona askari barabarani tunavuta mkanda haraka. Lakini mkanda wa mtu mzima haukutengenezewa mtoto wa miaka miwili. Huo utamkata shingoni juu, na chini utampanda tumboni mahali palipo laini, badala ya kushika mifupa ya nyonga.

Basi tuje kwenye hiyo mikanda ya kiti chenyewe. Kiti cha mtoto mdogo huwa na mikanda ya pointi tano: miwili ya mabegani, miwili ya nyonga na mmoja wa katikati ya miguu, yote ikikutana kwenye kifungo kimoja. Kwenye viti vizuri mabega yote mawili hukazwa na utepe mmoja unaochomoza mbele, chini ya miguu ya mtoto. Ukiuvuta, inakaza. Ukibonyeza kitufe kilichofichwa chini ya kitambaa huku ukivuta mikanda ya mabega kuelekea kwako, inalegea. Kazi imekwisha. Viti vya aina ile ya kwangu, vya kukazwa kwa nyuma, au vyenye utepe wa kila bega pekee, vinaweza kumlinda mtoto vikikazwa. Ubaya wake ni kwamba havitakazwa. Mzazi ni binadamu, na jambo linalochosha hulifanya Jumatatu akalisahau Jumatano.

Ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa kiti kikiwa juu ya meza. Juu ya meza kila kiti hukazika! Mwombe mwuzaji mpeleke kiti hadi kwenye gari lako mwenyewe, mkifunge kwenye kiti cha nyuma, na mtoto akae ndani yake. Sasa vuta. Kama kiti cha mtoto kinatazama nyuma, utaona kwamba mara nyingine utepe unabanwa na mgongo wa kiti cha gari, na mkono hauna nafasi. Kama gari lako ni dogo, huenda ukalazimika kuuvuta kwenda juu badala ya kuuvuta kuja kwako moja kwa moja, nao unagoma. Afadhali kuyajua hayo kabla ya kutoa pesa. Mwuzaji akinung'unika, "Mama, wateja wengine hawasumbui hivi," mwambie wewe utasumbua.

Jaribu pia na mtu mwingine atakayekuwa akimfunga mtoto. Kama shangazi yake ndiye humchukua kutoka shuleni, au nyanya ana vidole vinavyouma, basi mikono yao ndiyo ipime kiti. Kuna vifungo ambavyo kijana anavifungua bila kufikiri, na mtu mzima anahangaika navyo mpaka jasho linamtoka.

Kukaza kwenyewe kuna namna yake, na watu wengi hawakuonyeshwa. Kwanza msukume mtoto nyuma, makalio yaguse mgongo wa kiti. Funga kifungo. Kisha kabla ya kugusa utepe, ishike mikanda pale nyongani na uivute kwenda juu, kwa maana ulegevu hujificha mapajani. Hapo ndipo uvute utepe. Halafu jaribu kuufinya mkanda begani, juu ya mtulinga, yaani ule mfupa ulio chini ya shingo. Vidole vikipata kikunjo cha kushika, bado, vuta tena. Vikiteleza, imetosha. Mtoto atalalamika siku mbili tatu, hasa kama amezoea uhuru, kisha atanyamaza.

Urefu nao una maana. Kwa kiti kinachotazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Kwa kinachotazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Na usiwe na haraka ya kumgeuza atazame mbele ati amekuwa mkubwa. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa, R129, iliyoanza mwaka 2013, hairuhusu kumgeuza kabla hajapita miezi 15, na wataalamu wanashauri akae hivyo zaidi ya hapo, kadiri kiti kinavyomruhusu. Kamwe usikiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumka utampiga mtoto badala ya kumwokoa.

Je, cha mitumba? Sitakukataza, maana najua hali ya mifuko yetu, ila uwe mkali. Tafuta kibandiko chenye herufi E ndani ya duara na namba R44 au R129. Tafuta tarehe iliyochapwa kwenye plastiki; watengenezaji wengi huvipa viti vyao miaka 6 hadi 10. Kisichokuwa na vyote viwili, kiache. Kilichowahi kuwa katika ajali hakifai, hata kama huoni ufa, na kwa kuwa mwuzaji wa mitumba hawezi kujua kilikotoka, hapo unabahatisha. Kisha uvute utepe mara kumi. Mara nyingi ugumu wake si ubovu, ni makombo ya biskuti na maziwa yaliyokauka ndani ya kibano, au mkanda uliojipinda nyuma. Unyooshe, uufute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Lakini usiuloweke kwa sabuni kali na usitie mafuta ya kupikia, kama alivyofanya jirani yangu mmoja. Mkanda unaoteleza kirahisi vile utateleza siku ile pia.

Na wewe unayesafiri kwa matatu? Viti hivi havikutengenezwa kwa kuwafikiria nyinyi, na sitajifanya ninalo jibu kamili. Lipia mtoto kiti chake kama unaweza, na kama una kiti chake, kifunge kwa mkanda wa matatu mradi utoshe. Lililo baya kuliko yote ni kumpakata na kuufunga mkanda mmoja ukawazunguka nyote wawili, kwa sababu gari likigonga, mwili wako ndio utakaombana kwenye mkanda.

Sasa turudi Timau, kwenye lile jaketi. Pamba iliyojaa ndani yake ni hewa tupu. Gari likigonga hewa inabanwa, jaketi linasinyaa, na mikanda uliyodhani imekaza inabaki na nafasi ya kupitisha mtoto. Ukitaka kuthibitisha, mfunge akiwa na jaketi hadi mikanda ikaze, mtoe bila kugusa utepe, mvue jaketi, umrudishe ufunge tena. Utashangaa. Kwa hiyo mvue kwanza, abaki na sweta moja, kaza mikanda, kisha mfunike na shuka juu yake. Au mvishe lile jaketi kinyumenyume, mikono mbele na mgongo wa jaketi ukiwa blanketi kifuani. Watoto hulipenda sana jambo hili, wangu huliita kuvaa kama daktari.

Siku ya kurudi utakuwa na kazi nyingine. Nyanya atakuwa amemvisha sweta mbili na suruali juu ya suruali, mtoto ameongezeka kwa mukimo na maziwa, na mikanda iliyomtosha Ijumaa haitoshi tena. Legeza yote, uanze upya. Nyanya atasimama mlangoni mwa gari akikulaumu, "Mwanangu, unamvua na baridi hii ya Timau mnakopita?" Usibishane naye. Mpe shuka, umwambie yeye mwenyewe ndiye amfunike mjukuu wake, baada ya wewe kufinya mkanda begani na vidole vikateleza.