Programu ya Stadi za Hisia: Kwanza Uliza Nani Atafundisha

Shule ikitaka kuanzisha programu ya stadi za kijamii na kihisia, kikao cha kwanza huwa cha kitabu: kipi kina picha nzuri, kipi bei nafuu, kipi wafadhili wanakipenda. Mimi ningeanza kwa kuuliza nani atasimama mbele ya darasa, kipindi gani, na kwa wiki ngapi.

Mwaka 2011 Joseph Durlak na wenzake wa Marekani walichapisha uchambuzi wa programu 213 zilizogusa wanafunzi 270,034, kuanzia chekechea hadi sekondari. Waliofundishwa kutambua hisia zao, kujizuia na kuelewana na wenzao waliwapita wasiofundishwa kitabia, na hata kimasomo. Habari hiyo hunukuliwa kila mahali. Isiyonukuliwa sana imo katika uchambuzi uleule: programu zilizofundishwa na walimu wa darasa wenyewe zilifanikiwa katika maeneo yote sita yaliyopimwa, za watu wa nje ya shule zikaambulia matatu, na zilizoyumba katika utekelezaji zikaambulia mawili. Kwa hiyo yule mgeni anayealikwa kuhamasisha wanafunzi mstarini, wakapiga makofi na kutawanyika, mimi namhesabu kwenye burudani.

Programu zilizofanya vizuri zilifundisha hatua kwa hatua, zilikuwa na mazoezi ya vitendo, zilitengewa muda, na zilitaja wazi stadi inayofundishwa. Chukua programu ya PATHS, iliyoanzia Marekani kwa watoto viziwi kabla ya kuenea katika shule za kawaida. Mtoto husimuliwa hadithi ya kobe mwenye hasira za karibu, anayejifunza kuingia kwanza gambani mwake. Kisha mtoto anafanya mwenyewe: anakunja mikono kifuani, anavuta pumzi ndefu, halafu anasema tatizo ni nini na anajisikiaje. Leo anazifanyia mazoezi hatua hizo darasani, kesho mwalimu anamkumbusha uwanjani wanapogombania mpira, mpaka siku atakapozifanya bila kukumbushwa. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Kazi ni kurudia, na kurudia ndiko kunakomchosha mwalimu mwenye watoto 90.

England walijifunza kwa gharama umuhimu wa kufuata programu hatua kwa hatua. Mpango wao wa stadi za kijamii na kihisia, SEAL, uliingia shule za msingi mwaka 2005 na sekondari mwaka 2007. Sekondari ziliachiwa uhuru mkubwa, kila shule ikachukua vipande ilivyovipenda. Tathmini ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester iliyotoka mwaka 2010 haikuona tofauti ya maana kati ya wanafunzi wa shule za SEAL na wa shule nyingine.

Na sisi tuko jirani na shimo hilohilo. Stadi za maisha zimo kwenye mitaala, lakini kila mwalimu anajua kipindi kisicho na mtihani kinavyomezwa na Hisabati mitihani ya taifa ikikaribia. Heri vipindi vifupi viwili kwa wiki vilivyoandikwa kwenye ratiba na visivyoguswa, kuliko kitabu kinene kinachokaa kabatini.

Kuchagua kwenyewe si kugumu hivyo. Fungua daftari la mwalimu wa zamu uone kinachojirudia. Ngumi za Darasa la Tatu zinataka kitu kimoja. Kidato cha Kwanza wanaoogopa kulala bwenini kwa sababu ya wakubwa wao wanataka kingine. Programu inayodai kutibu vyote iulizwe maswali zaidi.

Kisha kuna fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania bado zinaviruhusu kwa masharti, visizidi vinne. Mtoto aliyefundishwa saa mbili kuvuta pumzi anapokasirika, kisha saa nne akachapwa na mtu mzima aliyekasirika, ataamini somo la pili. Ndiyo maana mafunzo ya walimu yaanze na hasira za walimu.

Hata hivyo msitarajie miujiza. Katika uliokuwa mkoa wa Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, shirika la misaada la IRC lilifundisha walimu mbinu za darasa lenye utulivu na kuwaweka katika vikundi vya kujifunza pamoja. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi walisema shule na walimu wanawajali zaidi, lakini hisia zao za ushirikiano na mpangilio zilishuka, na kwa wastani afya yao ya akili haikubadilika. Pengine darasa linaloacha mazoea ya zamani huyumba kwanza. Afisa elimu anayedai matokeo muhula wa kwanza aonyeshwe habari za Katanga, halafu aombwe asimhamishe mwalimu aliyekwisha kufundishwa kabla ya mwaka wa pili.