Jina hupika chakula kabla ya sufuria

NILIPOKUWA kidato cha pili katika shule moja ya bweni, mbali na kwetu magharibi mwa Kenya, nyanya yangu alinitumia mkebe wa kumbikumbi. Alikuwa amewaanika juani, akawapepeta mbawa zikatoka, kisha akawakaanga kwa chumvi kidogo. Nilipoufungua mkebe bwenini, mwenzangu mmoja alichungulia na kupiga ukelele: "Ala! Huyu anakula wadudu!" Bweni zima likaangua kicheko. Usiku huo niliwamwaga kumbikumbi wote chooni. Likizo ilipofika, nyanya aliniuliza, "Je, mjukuu wangu, uliwaonjesha wenzako?" Nikamjibu kwamba niliwaonjesha, tena walifurahi mno.

Yapata miaka hamsini sasa, lakini kisa hicho kilinirudia juzi darasani. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akieleza jinsi watu wa kwao wanavyopigapiga ardhi penye kichuguu ili kumbikumbi wadhani ni mvua, watoke. Mwenzake akamkatiza: "Yaani nyinyi mnakula wadudu?" Kicheko kilikuwa kile kile cha bwenini.

Hebu tulitafakari jambo hili. Wengi wa waliocheka bwenini hawakuuona hata mkebe wenyewe. Hawakuonja wala hawakunusa. Walisikia neno tu: wadudu. Ndipo ninaposhikilia kwamba kinyaa aghalabu huanzia sikioni kabla ya kufika ulimini. Jina hukipika chakula, au hukiharibu, kabla ya sufuria kuinjikwa mekoni.

Chukua mfano wa kamba wa baharini. Ana gamba, miguu mingi na papasi ndefu kichwani. Wanabayolojia humweka pamoja na wadudu katika kundi moja kubwa la viumbe wenye miguu ya vifundo. Hata hivyo, katika hoteli za Mombasa huyo ni kitoweo cha wenye mifuko mizito, na sijasikia mhudumu akimtangaza kama "mdudu wa baharini." Jina la kamba limemsitiri.

Waingereza nao ni mabingwa wa sitara hii. Ng'ombe akiwa malishoni ni "cow", akiwa mezani ni "beef". Jina hilo la mezani lina asili ya Kifaransa, lugha ya mabwana walioitawala Uingereza baada ya mwaka wa 1066. Na konokono je? Mwite kwa jina lake, mgeni atasukuma sahani. Mwite "escargot" kama Wafaransa, atalipa na kuongeza bakshishi. Sisi pia tuna hila hizo. Kule Tanzania nyama ya nguruwe imepewa lakabu ya kitimoto, na wapo wanaoagiza kitimoto ambao wangeona soni kutamka nguruwe hadharani.

Twende Iceland, kisiwa cha baridi kali. Huko huliwa papa wa Greenland, ambaye nyama yake mbichi ina sumu. Wazee wao waligundua kwamba nyama hiyo ikifukiwa kwa majuma kadhaa hadi maji yake yachujike, kisha itundikwe kwenye banda linalopitisha upepo kwa miezi kadhaa, huliwa bila madhara. Harufu yake hukaribia ya mkojo. Watalii humwita "papa aliyeoza." Mwenyeji humwita hákarl, yaani papa. Basi. Kabla hatujacheka, tukumbuke papa mkavu wa pwani yetu, ambaye harufu yake humtangulia mpishi mlangoni. Mswahili hasemi ameoza. Husema ni ng'onda.

Zimbabwe kuna viwavi wa mti wa mopane, ambao Washona huwaita madora. Jimbo la Oaxaca nchini Mexico kuna panzi wa kukaangwa kwa ndimu, chumvi na kitunguu saumu, waitwao chapulines. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2013 ilikadiria kwamba wadudu ni sehemu ya mlo wa jadi wa watu wasiopungua bilioni 2. Sasa nauliza: chakula cha watu bilioni 2 ni cha ajabu kwa nani?

Jibu limo katika sheria za Ulaya. Huko, chakula ambacho hakikuliwa kwa wingi katika nchi za Umoja wa Ulaya kabla ya Mei 15, 1997 huitwa "chakula kipya." Mwaka wa 2021 lava wa aina moja ya mbawakawa waliidhinishwa kuuzwa chini ya sheria hiyo. Kipya! Nyanya yangu alikuwa akipepeta mbawa za kumbikumbi miongo mingi kabla ya 1997. Najua ni istilahi ya kisheria tu, lakini kila istilahi ina mahali iliposimama ikitazama wengine.

Je, nasema kila mtu ale kila kitu? La hasha. Waganda huwapenda nsenene, panzi wa kijani, hata mwezi wa Novemba kwa Kiganda huitwa Museenene. Ila miongoni mwao kuna ukoo wa Nsenene ambao kijadi hauwali, kwa kuwa ndio muziro wao. Tazama neno hilo linavyofanana na mzio letu la Kiswahili, yaani chakula ambacho mtu hapaswi kula. Mtu wa ukoo huo hawaiti nsenene uchafu, wala hamcheki jirani anayewatafuna. Husema tu: hawa ni mzio wangu. Hiyo ni lugha ya kukataa bila kudharau, na Kiswahili kinayo tele: sijazoea, kwetu ni mwiko, nimeshukuru. Wahenga walituuliza zamani: pilipili usiyoila yakuwashiani?

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu. Mtoto akiandika insha kuhusu kumbikumbi, senene au omena, mwachieni jina la chakula chake. Msimsahihishe kwa kalamu nyekundu aandike "wadudu", na mwenzake akicheka, kicheko hicho kisipite hivi hivi. Mtoto huyohuyo husoma katika Biblia kwamba Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu, na hakuna anayecheka kanisani.

Nami nina deni ambalo siwezi kulilipa. Nyanya alifariki akiamini kwamba kumbikumbi wake waliliwa wakaisha, na kwamba wenzangu waliulizia wengine.