Mgeni Aliyeviona Vyombo Vyetu

Salgaa yajulikana kwa malori. Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret huyakuta yamepanga safu kando ya barabara, madereva wanakunywa chai, mataniboi wanagonga magurudumu kusikiliza kama upepo umepungua. Aghalabu hapana ashukaye hapa kwa kutafuta habari za sanaa. Lakini barabara hii hii, ukiifuata mpaka Kitale kisha ukateremka Lodwar, hukufikisha kwa Waturkana. Na ukikata kulia mbele ya Salgaa, hukufikisha Eldama Ravine, upande aliozaliwa marehemu Joseph Murumbi mwaka 1911. Kwa Waturkana na kwa Murumbi ndiko ilikopata mizizi kazi ya Alan Donovan, Mmarekani ambaye kwa muda wa miaka hamsini hivi aliishi Kenya akiwa msanii, mbunifu wa mapambo na mavazi, mwenye duka, mwandishi wa vitabu na mjenzi wa nyumba isiyo na mfano wake nchini.

Donovan alizaliwa Colorado mwaka 1938. Afrika aliijia kwa njia ya serikali yake: mwaka 1967 alitumwa Nigeria kushughulikia chakula cha msaada wakati wa vita vya Biafra. Kazi hiyo aliiacha, akanunua gari la Volkswagen, akalivuka jangwa la Sahara, na mwaka 1970 akawa yuko Kenya. Alipofika Turkana alikuta jambo ambalo wengi wetu tulilipita bila kulitazama. Mturkana hana mali nyingi ya kubeba, kwa hiyo kile abebacho hukifanya kiwe kizuri. Mathalani ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume hutembea nacho mkononi. Mchana ni kiti, usiku ni mto wa kuegemeza kichwa ili nywele zilizotengenezwa kwa udongo zisiharibike. Kimechongwa kwa mti mmoja, chepesi, na mpindo wake umelingana na shingo ya mwenyewe. Fundi wa Ulaya angelipwa fedha nyingi kwa kubuni kitu cha namna hiyo.

Donovan alikusanya vitu vya Kiturkana akavifanyia maonyesho Nairobi, na maonyesho hayo ndiyo yaliyomkutanisha na Murumbi. Hapo palikutana watu wawili wa tabia moja. Murumbi, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara Mgoa na mama yake Mmaasai, alikuwa amekwisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 Makamu wa Rais kwa miezi michache tu kabla ya kujiuzulu. Wenziwe katika siasa walikusanya mashamba. Yeye alikusanya vitabu, stempu, nguo na vinyago. Mwaka 1972 Murumbi, mkewe Sheila na Donovan walianzisha African Heritage mjini Nairobi, jumba la kuonyesha na kuuza sanaa ya Afrika nzima chini ya paa moja.

Ndani ya jumba hilo Donovan alionyesha kwamba mikono yake ni mingi. Alibuni mikufu na bangili kwa shanga za kale, shaba, mfupa na kaharabu. Alipanga maonyesho ya mavazi, akayapeleka ng'ambo pamoja na wanamuziki na wachezaji. Bendi ya African Heritage iliyoundwa mwaka 1979 ndimo alimopitia Ayub Ogada, yule bingwa wa nyatiti aliyefariki 2019. Kisha ikaja nyumba yake karibu na Mlolongo, inayoitazama mbuga ya wanyama ya Nairobi. Kuta zake zimeiga misikiti na majumba ya udongo ya Mali, pamoja na ujenzi wa Moroko na wa huku kwetu pwani. Mtu wa Lamu au Mombasa akiitazama atauliza mbona Djenné imefungishwa ndoa na Mswahili bila mahari. Hata hivyo ndoa imekaa. Mwaka 2015 ilipotishiwa kubomolewa kupisha reli mpya, watu walipiga kelele, na mwaka 2016 serikali ikaitangaza kuwa jengo la kumbukumbu ya taifa.

Wako wanaosema kwamba Mzungu alivinunua vitu vyetu rahisi akaviuza ghali. Neno hilo lisitupwe. Kigoda kikishaingia dukani huitwa cha Kiturkana, na jina la aliyekichonga hubaki huko huko chini ya mgunga. Lakini neno la pili nalo lipewe haki yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuangalie mwenyeji alifanya nini.

Katika miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina yake, kwa maelewano kwamba hapo pangekuwa taasisi ya kusomea mambo ya Afrika. Taasisi haikusimama. Nyumba iliachwa ikaoza, ikabomolewa, na kiwanja kikaenda kwa wengine, na Murumbi akafa mwaka 1990 bila ya kuliona lile aliloahidiwa. Aliyelishika neno la marehemu hakuwa waziri wala mbunge wa kwao. Alikuwa Donovan, ambaye aliendelea kubisha milango ya maofisi mpaka mwaka 2006 mkusanyo ule ukapangwa mbele ya watu katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Duka lake mwenyewe lilikuwa limefungwa miaka mitatu kabla, 2003. Alisaidia pia kutengeneza bustani ya kumbukumbu City Park, alikozikwa Murumbi na mkewe karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto. Humo mna sanamu za Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda, na hapo majina ya mafundi hayakupotea. Mwaka 2015 kikatoka kitabu cha maisha ya Murumbi, alichokitengeneza Donovan pamoja na Anne Thurston.

Donovan alifariki Desemba 2021.

Jengo la Hifadhi liko Moi Avenue, Nairobi, na zamani lilikuwa benki. Ndani mna vitabu vya Murumbi, zaidi ya 8,000 kati yavyo vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900, na vitu vya makabila mengi ya Afrika. Atokaye Salgaa au Nakuru akishuka kwenye matatu anaweza kufika hapo kwa miguu kabla hajatafuta chai.